Hatari Inayobisha Hodi: Lini Umwachie Mtoto, Lini Umshike

Kabla hujaamua kama mtoto wako anaweza kwenda ziwani bila wewe, nenda wewe kwanza, na uende saa ile ile atakayokwenda yeye. Wengi wetu tunaijua njia ya ziwani kama tulivyoiacha tukiwa watoto. Lakini mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kiwango cha miaka ya 1960 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na mwaka 2024 likapanda tena. Mialo ilihama. Palipokuwa na mchanga pameota matete, na penye matete huoni kilicholala humo. Vijana waliokuwa wakinywesha ng'ombe pale kila jioni huenda walishahamia mjini, na sasa hakuna mtu mzima wa kusikia mtoto akipiga kelele.

Maneno haya ni kwa mzazi, bibi au mjomba anayelea watoto katika bonde la Bugwema, mkoani Mara, na vijiji vinavyolizunguka, na kwa jirani zao wa Bunda na Butiama. Shauri langu ni hili. Kuna hatari inayobisha hodi, na kuna hatari inayoingia ndani bila hodi.

Mti hubisha hodi: tawi hulia, miguu hutetemeka, mtoto huangalia chini na kujua mwenyewe kwamba hapa pametosha. Kisu hubisha hodi, maana mkato wa kwanza huwa mdogo. Joto la moto hufika kwenye vidole kabla ya ndimi zake. Beberu mkorofi humpiga mtoto kichwa mara moja na somo limekwisha. Hatari za namna hii mwachie, tena mapema kuliko roho yako inavyotaka. Mamba habishi hodi. Wala shimo lililo chini ya maji, wala sumu ya pamba iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, wala pikipiki inayokata kona, wala mtu mzima mwenye pipi mkononi na nia mbaya. Huko usiseme atajifunza kwa uzoefu, kwa sababu somo la kwanza laweza kuwa ndilo la mwisho.

Ajabu ni kwamba sisi tunafanya kinyume. Mtoto akipanda mwembe tunapiga yowe mpaka jirani anatoka nje. Mtoto huyo huyo, saa kumi na mbili jioni, tunampa dumu na kumwambia akimbie ziwani kabla giza halijaingia.

Ziwa na saa zake

Ziwa ndilo hatari kubwa kuliko zote hapa kwetu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Saa za ziwa zinagombana. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, tangu kama saa nne asubuhi mpaka alasiri. Mamba huwinda zaidi jioni, usiku na alfajiri, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi kunapokucha. Mama aliyesikia somo la kichocho zahanati akaamua kumtuma mtoto alfajiri amemkwepesha konokono na kumpeleka kwa mamba. Hakuna saa iliyo salama kabisa. Kati ya hizo mbili mimi ningechagua jua kali na kichocho, kwa sababu kichocho kina dawa. Prazikwanteli hugawiwa shuleni katika kampeni za kingatiba. Siku ya ugawaji hakikisha mtoto wako yupo shuleni, na ale kwanza, maana dawa hiyo humchafua tumbo asiyekula.

Basi waende mchana, waende wengi, na awepo mtu mzima au kijana mkubwa mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu. Wachote na kutoka, bila kusimama majini wakipiga soga. Maji yakifika nyumbani, ya kuogea na kufulia yakae ndani ya chombo siku mbili kamili, kwa maana vijidudu vya kichocho havivuki muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Ya kunywa yachemshwe. Sehemu nyingine za ziwa, vijiji vimewekewa vizimba majini ili watu wachote bila kukutana na mamba. Lipelekeni jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji, na msichoke kulirudia.

Sasa kuogelea. Tumezaliwa pembeni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na wengi wetu hatujui kuelea hata dakika moja. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na mwishoni mwa Julai 2023, hapo jirani Mchigondo wilayani Bunda, mitumbwi ilizama na watu waliokuwa wakitoka ibadani, watoto wakiwemo. Kila mara tunalia, tunazika, kisha tunawakataza watoto maji. Kumkataza hakumfundishi kuelea. Mtoto aliyekatazwa huenda kwa siri, na aliyekwenda kwa siri hana wa kumwokoa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto kuanzia miaka 6 wafundishwe kuogelea na kuokoa kwa njia salama. Kule Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umekuwa ukifundisha jambo hilo tangu 2011, wasichana na wanawake wakiwa humo humo darasani, mahali ambapo zamani maji ya kina yalihesabiwa kuwa ya wanaume. Hakuna sababu Majita au Mugango pashindwe.

Ukiamua kumfundisha, chagua pwani ya mchanga isiyo na matete, ambapo wavuvi wanashinda na hawajaona mamba siku za karibuni. Palipoonekana mamba, msiogelee kabisa. Maji yasizidi kiuno cha mtoto. Wewe simama upande wa kina, yeye awe kati yako na nchi kavu. Usianze na kupiga mikono. Anza na kutia uso majini na kutoa mapovu, mpaka aache kuogopa maji kuingia puani. Kisha afundishwe kulala chali akielea, masikio yakiwa ndani ya maji. Hilo ndilo somo kuu, na ndilo watoto wanaojifunza wao kwa wao huwa hawalipati, kwa sababu halina mashindano. Kisha ajigeuze kutoka kifudifudi kwenda chali bila kukushika. Mwishowe asogee. Wanaofundisha Bangladesh, nchi iliyojaa mito na madimbwi, huridhika mtoto akiweza kwenda mita 25 na kuelea nusu dakika. Si kiwango cha mashindano ya Olimpiki, ila kinatosha kumfikisha mtoto kwenye mtumbwi uliopinduka.

Utaniuliza: na kichocho je? Jibu ni lile lile, dawa ipo. Mpeleke zahanati, eleza kwamba anaogelea ziwani.

Kuna somo la tatu la ziwa ambalo linafundishwa nchi kavu. Mwenzako akizama, usimrukie. Ndugu hufa wawili wawili kwa sababu wa pili aliingia kwa mapenzi. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko humshikilia hata mtu mzima juu ya maji. Lifunge kamba, wapange watoto uani, mmoja alale chini ajifanye anazama, wengine wamrushie. Watacheka sana. Waache wacheke, warushe tena mpaka dumu lifike. Pasipo kamba, upondo wa mtumbwi, tawi, au kanga mbili zilizofungwa pamoja. Na akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo. Apuliziwe pumzi mdomoni, kisha kifua kikandamizwe, na mtu akimbilie usafiri.

Yote hayo ni ya mtoto anayeelewa. Wa chini ya miaka 5 hafundishiki usalama wa maji, dawa yake ni jicho tu. Huyu anaweza kuzama hata kwenye ndoo iliyoachwa nusu, au kwenye mfereji wa shamba, na hapigi kelele. Msimu wa kupalilia, wakati akina mama wote wako shambani na dada wa miaka 7 ndiye aliyeachiwa mdogo wake, ndipo ajali hizi hutokea. Bangladesh walipoanzisha vituo vya kuwatunza watoto wadogo saa za asubuhi, vifo vya kuzama vilipungua sana, na vituo vyenyewe havikuwa vya fahari. Wanawake watano wa Masinono au Muhoji wakikubaliana kwamba kila siku mmoja wao abaki na watoto wa wote, wamepata kituo. Shamba la aliyebaki litapaliliwa na wale wanne siku inayofuata. Huyo dada wa miaka 7 mrudishieni utoto wake.

Kisu, moto na mwembe

Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliwaangalia watoto wakicheza akaona michezo yao ya hatari iko ya aina sita: kupanda juu, kwenda kasi, kushika vifaa vyenye makali, kuchezea karibu na maji au moto, kupigana mieleka, na kwenda mbali mahali wanapoweza kupotea. Aliona kwamba michezo hiyo humsaidia mtoto kupima uwezo wake na kushinda woga. Mtoto wa Bugwema hupata zote sita kabla ya chakula cha mchana. Huko Ulaya hutumia fedha nyingi kujenga viwanja vya kumpa mtoto kile ambacho mwembe wa bibi yake unampa bure, na sisi tunaanza kuuonea aibu mwembe huo.

Basi mti: usimnyanyue kumweka kwenye tawi ambalo hakulifikia mwenyewe. Alipopanda kwa mikono yake kwa kawaida atashuka, na ulipompandisha wewe atakwama. Ukiwa chini, acha kupiga kelele za "utaanguka!" Muulize, "Mguu wako unaofuata utauweka wapi?" Swali hilo humrudisha kwenye tawi, wakati yowe lako linamfanya akugeukie.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ila sijamjua bibi aliyetoa wembe kweli. Walitoa kisu kidogo, na walikaa naye. Fanya hivyo akiwa na miaka 6 au 7. Kiwe kikali, kwa sababu kisu butu huteleza na kukata mkono. Akae chini, akate kiazi kitamu juu ya ubao, asikishike kiganjani. Panga lisubiri mpaka mabega yapate nguvu ya kulisimamisha njiani.

Moto anaweza kuuwasha mapema. Sufuria ya uji unaochemka hapana. Moto huonya, lakini maji ya moto humwagika yote kwa mara moja, na mtoto wa kike aliyeagizwa kuepua kwenye mafiga kwa majani ya mgomba hana nafasi ya kujifunza lolote. Akiungua, mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta viwekwe mbali. Halafu leo hii, kabla hujalala, toa mafuta ya taa na sumu za shambani kwenye chupa za soda na za maji. Kazi hiyo ni yako, mtoto haimhusu.

Nyuma ya maksai

Kulima kwa ng'ombe humtaka mtoto: mmoja mbele akiongoza, mkubwa nyuma kwenye plau. Sioni ubaya wa kazi hiyo ikianza na maksai wazee waliozoea nira, katika shamba tambarare, siku isiyo ya shule. Mambo mawili tu msiyalegeze. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni kamwe, kwa sababu maksai akishtuka humburuta aliyejifunga. Na anayeongoza atembee pembeni mwa kichwa cha ng'ombe. Akitembea mbele ya pembe, siku akijikwaa atakanyagwa.

Kuchunga kuanze na mbuzi, karibu, na mwenzake. Afundishwe kupiga fimbo kwenye nyasi anapopita, na asitie mkono penye shimo. Akiumwa na nyoka asikatwe, asifungwe kamba ya kukaza. Mguu utulizwe, abebwe kituo cha afya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Kazi za usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, imezikataza. Kuchimba madini, kubeba mizigo mizito na kwenda baharini imezihesabu kuwa kazi hatarishi, na sioni kwa nini ziwa letu lihesabiwe jepesi kuliko bahari. Kwa hiyo mvulana wa miaka 11 anayevua dagaa kwa karabai, au anayebeba mawe ya dhahabu Buhemba, asiitwe "anayejifunza maisha". Huyo anatumikishwa, hata kama fedha inaletwa kwa mama yake.

Hapa wazee watasema: sisi tulikua hivyo hivyo. Watamtaja Mwalimu Nyerere, aliyechunga mifugo ya baba yake Butiama mpaka alipopelekwa shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Ni kweli, na mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea aliandika kwamba watoto wa Kiafrika zamani walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Pamoja na wakubwa wao, hilo tunalisahau. Tena "sisi tulikua" husemwa na aliyekua. Waliochukuliwa na maji hawapo kwenye baraza wakichangia mazungumzo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha mkoani kwetu. Mvulana tunamwachia mno na msichana tunamlinda vibaya. Yeye haruhusiwi mti, haruhusiwi kuogelea, anaambiwa si adabu, na bado ndiye anayetumwa maji jioni, ndiye anayeepua sufuria, ndiye anayetembea peke yake kwenda sekondari. Amenyimwa hatari zenye mafunzo akapewa zisizo na onyo. Na ukeketaji, ambao jamii kadhaa za Mara bado zinaufanya zikiuita ukomavu, hauna uzoefu wowote ndani yake. Ni kosa la jinai kwa msichana wa chini ya miaka 18 tangu 1998. Namba 116 hupokea taarifa za watoto bure.

Njia ya shule na ya dukani mfundishe kwa kujiondoa polepole. Kwanza mnakwenda pamoja, na yeye ndiye anayekuongoza, hata akikosea njia mpaka agundue mwenyewe. Kisha unamfuata nyuma kwa mbali. Kisha unamsubiri katikati, kisha nyumbani, na mmekubaliana saa. Akichelewa kidogo usitume watu. Akichelewa sana, tuma mara moja. Barabara zikitengenezwa pikipiki huongeza kasi, kwa hiyo mahali pa kuvukia mchague nyinyi wawili kwa miguu, na pasiwe kwenye kona.

Akirudi ameumia

Hapa ndipo wazazi wengi wema wanapoharibu. Mtoto ameanguka, anarudi na goti linalotoka damu, na kabla hajafika mlangoni fimbo imeshachukuliwa: nilikwambia nini? Anachojifunza siku hiyo ni kuficha. Na majeraha mengine hayafichiki bila gharama.

Chukua mfano wa mbwa. Wilayani Serengeti watafiti wamefuatilia kichaa cha mbwa kwa zaidi ya miaka 20, na ugonjwa huo haujatuacha. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huokoa. Kati ya kuumwa na dalili hupita wiki kadhaa au miezi, na muda wote huo mtoto anatembea mzima, akijua alimrushia mbwa jiwe na kwamba akisema atachapwa.

Kwa hiyo mwambie mapema, siku ambayo hakuna lililotokea, tena mbele ya bibi yake ili awe na shahidi: ukiumwa na mbwa, hata kama ni mikwaruzo, hata kama wewe ndiye uliyemchokoza, njoo uniambie na sitakugusa. Kisha uitimize ahadi hiyo kwanza kwenye mambo madogo, kwa sababu atakupima kwenye kikombe kilichovunjika kabla hajakuamini kwenye mbwa. Siku akija, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usilifunge, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uulizie chanjo, na kama hawana uliza iko wapi na uondoke kuelekea huko. Habari ya nani alianza kumchokoza mbwa muiongee mkisharudi.